Hundi Iliyolala Kabatini

Msikilizaji, sasa tuigeukie hundi ya mshahara uliyoisahau ndani ya bahasha ya kaki, chini ya vyeti vya shule. Hapa Kenya, hundi ikipita miezi 6 tangu tarehe yake, benki huikataa. Je, jasho lako limepotea? La. Kilichochacha ni karatasi. Deni liko palepale. Rudi kwa mwajiri, uombe nyingine.

Kwa upande wa pili, mwajiri naye hawezi kuacha hesabu wazi milele. Ndiyo maana sheria ya 2011 humtaka hatimaye azikabidhi fedha zisizodaiwa kwa UFAA, mamlaka inayosimamia mali za kifedha zisizodaiwa, zimsubiri mwenyewe. Ila, na hapa ndipo ninapokwazika, kibarua aliyekwisha kuhama mji ataambiwa na nani?