Raia Asiye Raia

Neno raia asili yake ni Kiarabu, ambako lilimaanisha wachungwao: kundi la mchungaji, kisha watu walio chini ya mtawala. Kiswahili cha enzi za masultani na wakoloni kiliihifadhi maana hiyo. Uhuru ulipokuja, neno lilo hilo likabebeshwa haki: kupiga kura, kugombea uongozi. Hivyo basi neno moja hufanya kazi ya mawili, na sheria ya Marekani huufichua upungufu huo.

Katika sheria hiyo kila raia ana utaifa, lakini si kila mwenye utaifa ni raia. Azaliwaye Samoa ya Marekani kwa wazazi wasio raia hupewa pasipoti ya Marekani yenye maelezo kwamba mwenyewe si raia. Anadaiwa utii wa kudumu. Aweza kuishi Utah bila viza na kulipa kodi huko. Kumchagua rais hawezi. Mwaka 2019 jaji mmoja wa Utah aliamua kuwa watu hao ni raia. Mwaka 2021 mahakama ya rufani ikatengua uamuzi huo, na mwaka 2022 Mahakama ya Juu ikakataa kulisikiliza shauri. Ajabu ni kwamba serikali ya visiwa hivyo yenyewe iliupinga uraia huo, ikihofia hatima ya ardhi za koo.

Mfasiri aandikeje? Akiandika “raia”, amempa Msamoa kura asiyokuwa nayo. Akiandika “mgeni”, amemnyang’anya pasipoti. “Mwenye utaifa” ni istilahi nzito ulimini, ila haimdanganyi msomaji.