Kabla Hamjatangaza Kwamba Udumavu Umeshuka

Ndugu wahitimu wa takwimu,

Mwaka 2015/16, utafiti wa demografia na afya nchini Tanzania ulikuta watoto 34 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Utafiti wa 2022 ukakuta 30. Ipo siku mtawekewa mezani takwimu mbili za namna hii, na bosi atataka jibu kabla ya saa sita mchana: udumavu umepungua au haujapungua?

Kutoa 30 kwenye 34 si jibu. Hakuna aliyewapima watoto wote wa nchi. Ilipimwa sampuli, na sampuli nyingine ingeleta asilimia nyingine. Chukulieni kwanza kwamba hakuna kilichobadilika, kisha muulize kama bahati ya sampuli pekee ingeweza kuzaa pengo la 4. Tuseme kila mara walipimwa watoto 200. Kosa sanifu la tofauti hiyo, yaani kipimo cha jinsi bahati ya sampuli inavyoweza kuiyumbisha, ni karibu 4.7, kubwa kuliko pengo lenyewe. Hamna cha kutangaza. Wakiwa 2,000 kila mara, kosa hilo linashuka hadi karibu 1.5. Gawanyeni 4 kwa hilo, mnapata 2.7, mmeivuka 1.96, mpaka wa kupima kwa kiwango cha asilimia 5.

Wengi huishia hapo. Nawasihi, ninyi msiishie hapo. Hesabu hiyo inachukulia kwamba kila mtoto amechaguliwa peke yake, ilhali watafiti huteua kwanza maeneo ya kuhesabia watu, ndipo huchagua kaya ndani yake. Watoto wa kijiji kimoja wanakunywa maji ya kisima kimoja, wanatibiwa zahanati moja, na ukame ukija unawapiga wote. Mtoto wa ishirini hapo hakuongezei mengi juu ya aliyokueleza wa kwanza. Kufanana huko kukiongeza varianzi mara mbili, kosa sanifu linafika karibu 2.1, na ile 2.7 inaporomoka hadi 1.9. Asilimia ni zilezile, lakini ushahidi umepwaya.

Tafiti zile mbili zilipima watoto wengi kuliko hao wa mfano wangu, kwa hiyo kushuka kwa kitaifa kunaaminika. Ila mkuu wa mkoa atawauliza kuhusu mkoa wake, ambako waliopimwa ni wachache mno. Hapo tofauti ikikosa kuthibitika, msiandike kwamba lishe haijaboreka. Andikeni kwamba sampuli haitoshi kuamua, maana mradi wa uji shuleni au kliniki ya mama na mtoto unaweza kunyimwa fedha kwa sentensi yenu moja iliyoandikwa kwa haraka.

Ndugu wahitimu, kila asilimia mtakayoitoa iambatane na kosa lake sanifu, lililokokotolewa kwa kufuata jinsi sampuli ilivyochukuliwa. Wakubwa wakitaka liondolewe eti linawachanganya wasomaji, liteteeni.