Naamani alishuka mtoni

Somo: 2 Wafalme 5:1-15

Fungueni Biblia zenu, kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 5. Asiye na Biblia asogee karibu na mwenye nayo. Mama mwenye jembe mkononi angoje kidogo, shamba halitakimbia.

Habari yenyewe mnaijua tangu utoto. Naamani ni mkuu wa jeshi la Shamu, nchi ambayo leo tunaiita Siria. Mfalme anamheshimu. Vita ameshinda, na Maandiko yanasema wazi kwamba ni Bwana aliyempa ushindi ule, ingawa Naamani hakuwa anamjua. Kisha mstari wa 1 unaishia kwa neno linaloangusha yote: alikuwa na ukoma. Askari wanamwona na mavazi ya cheo. Mke wake ndiye anayeona ngozi jioni, mavazi yakivuliwa. Na sisi ni hivyo. Siku ya Mungu tunasalimiana na koti na kitenge kipya, na walio nyumbani ndio wanaojua ngozi yetu.

Mstari wa 2 unasema kwamba vikosi vya Shamu vilivamia Israeli vikachukua msichana mdogo mateka. Watu wa Beni, wa Oicha na wa Eringeti hawahitaji mchungaji awafafanulie mstari huo. Tangu Oktoba 2014 wanaujua: usiku, mapanga, nyumba inawaka, na asubuhi mtoto haonekani. Biblia haituambii jina la msichana yule. Inatuambia tu kwamba alikuwa mtumishi wa mke wa Naamani, na kwamba siku moja alimwonea huruma bwana wa nyumba, akasema kule Samaria yuko nabii anayeweza kumponya. Nasimama hapa kidogo, maana nimesikia mstari huu ukitumiwa vibaya. Mtu asiuchukue kwenda kumnyamazisha mama ambaye mtoto wake alichukuliwa. Maandiko hayasemi kutekwa kwake kulikuwa kwema. Yanasema tu kwamba katika nyumba ile kubwa, mwenye kujua dawa alikuwa yule asiye na sauti.

Basi Naamani akafunga safari. Alibeba talanta 10 za fedha, shekeli 6,000 za dhahabu na mavazi 10. Wanaonunua dhahabu pale Butembo wapige hesabu: dhahabu hiyo peke yake inakaribia kilo 70. Akaenda kwa nani? Kwa mfalme! Msichana alisema nabii, yeye akaenda na barua kwa mfalme. Mkubwa hutafuta mkubwa mwenzake. Mfalme wa Israeli akararua nguo zake, akidhani anachokozwa ili vita ianze. Ndipo Elisha akatuma neno kwamba mtu huyo aletwe kwake.

Sasa tazameni mlango wa Elisha. Farasi, magari ya vita, walinzi, dhahabu, vyote vimesimama nje. Na Elisha hatoki. Anatuma mtu aende kumwambia Naamani ajioshe katika Yordani mara 7. Basi. Wengine wanasoma hapo kama nabii alikosa adabu kwa mgeni. Mimi naona dawa ilianzia pale mlangoni.

Naamani alikasirika, na hasira yake inatuonyesha alichokuwa anakitaka. Alitaka nabii atoke, asimame, aite jina la Mungu wake, apunge mkono juu ya mahali pagonjwa. Wapentekoste, tunamwelewa vizuri sana ndugu huyo! Tunapenda mkono upungwe. Tunapenda mikesha, mafungo ya siku 21, kampeni yenye vyombo vikubwa vya muziki. Mambo hayo si mabaya, na mimi sitaacha kukesha. Lakini iko saa ambayo Mungu hataki mkesha wako. Anataka jambo dogo, na dogo ndilo linalotushinda.

Kisha akataja mito ya Damasko, Abana na Parpari, kwamba ni mizuri kuliko maji yote ya Israeli. Ni kama mtu wa Goma, mwenye ziwa zima la Kivu mbele ya nyumba yake, aambiwe apande mpaka Butembo akaoge katika Kimemi. Na mjue neno hili: Naamani hakusema uongo. Mito ya Damasko kweli ilikuwa mizuri. Alikuwa na haki juu ya mito, na angerudi kwao kufa na ukoma wake akiwa na haki.

Waliomwokoa ni wafanyakazi wake. Walimkaribia wakamwita baba, kwa heshima, wakamwuliza: kama nabii angekuagiza jambo gumu, hungelifanya? Basi si zaidi hili la kuoga tu? Kwa mara ya pili katika sura moja, wokovu wa mkubwa unapita katika kinywa cha mdogo. Sijui kama unamsikiliza mtoto wa kazi aliye nyumbani kwako. Sijui kama yule anayesukuma chukudu yako anaweza kukuambia neno na wewe ukalipokea.

Mstari wa 14 unaanza kwa kusema alishuka. Samaria iko mlimani, na bonde la Yordani liko chini hata kuliko usawa wa bahari. Ni kama mtu kutoka Masereka na kuteremka mpaka Kyavinyonge kando ya ziwa, akivua nguo za baridi moja baada ya nyingine. Na pale mtoni, hakuna anayejichovya mara 7 na mavazi ya ujemadari. Watumishi wake waliona ngozi. Aliponyanyuka, mwili wake ukawa kama wa mtoto mdogo. Katika Kiebrania, maneno hayo, mtoto mdogo, ni ndugu wa yale ya mstari wa 2, msichana mdogo. Mwandishi wa kitabu hakuteleza. Jemadari alishuka mpaka akafanana na yule mtoto aliyetekwa.

Liko neno jingine la Kiebrania hapo: kurudi. Nyama ya mwili wake ilirudi, na mstari wa 15 unasema yeye mwenyewe akarudi kwa mtu wa Mungu. Ni neno lile lile ambalo manabii wanalitumia wanapomwambia Israeli atubu. Angeweza kushika njia ya Damasko pale pale, dawa amekwisha kupata. Lakini alipanda tena mlima mpaka kwenye mlango ule uliomkasirisha, akasimama, na safari hii akajiita mtumishi. Hiyo ndiyo toba. Alirudi mahali pa hasira yake.

Sisi wa huku hatuwezi kusoma juu ya mtu aliyekasirika kwa kuambiwa anawe, bila kukumbuka ndoo zetu. Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa, ikianzia upande wa Mangina. Ilipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu zaidi ya 3,400 walikuwa wameugua na zaidi ya 2,200 wamekufa. Zone ya afya ya Masereka nayo iliguswa. Kwenye mlango wa kanisa, wa shule, sokoni na kwenye kila barieri kulikuwa na ndoo yenye robine na maji ya klori. Nawa mikono, upimwe joto, upite. Jambo dogo. Na watu walikataa, wengine kwa kicheko, wengine kwa mawe.

Hasira ile haikutoka hewani, nami sitaki kuwasingizia watu wetu. Walikuwa wamezika wafu wa mapanga kwa miaka minne, wakiita bila kusikilizwa. Kisha kwa ugonjwa mmoja wakaona magari mapya yanafuatana barabarani. Desemba 2018, siku chache kabla ya kupiga kura, Beni na Butembo ziliambiwa zingoje mpaka Machi 2019, sababu ikiwa Ebola na usalama. Na katika Januari rais mpya alikuwa amekwisha kuapishwa. Tena, kati ya waliokuja kusaidia walikuwemo waliowatumia vibaya wanawake na wasichana wetu wakiwaahidi kazi. Tume iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani ilithibitisha hivyo katika Septemba 2021. Waliofanya hivyo nao wana Yordani yao.

Lakini nimekwisha kuwaonyesha mtu mwenye haki juu ya mito. Kituo cha matibabu cha Katwa kilichomwa tarehe 24 Februari 2019, na siku tatu baadaye kile cha Butembo kikashambuliwa. Tarehe 19 Aprili 2019, Daktari Richard Mouzoko, aliyetoka Kameruni kuja kututibia, aliuawa kwa risasi pale Butembo. Ilikuwa Ijumaa Kuu. Wakristo wa mji ule walikuwa wakikumbuka msalaba siku hiyo hiyo.

Waliopiga risasi siwahubirii leo. Wengi wao hawasikilizi redio hii. Nahubiri wale wanaosikiliza. Kati yetu wako waliomwita muuguzi wa mtaa wao muuaji aliyenunuliwa. Wako waliowatupia mawe vijana waliokuwa wakizika, na vijana wale walikuwa watoto wa hapa hapa. Yuko mama aliyepona, akarudi na karatasi ya hospitali inayosema amepona, na majirani wakaacha kununua maharagwe yake. Watoto wake wakaitwa Ebola shuleni. Na ni waliopona hao hao waliochukuliwa, pale Beni na Butembo, kuwashika watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa CTE, maana miili yao ilikuwa imepata kinga. Usiku waliwabeba watoto ambao hakuna mwingine aliyethubutu kuwagusa. Msichana wa Naamani alikuwa katikati yetu, na tulivuka barabara ili tusikutane naye.

Ebola ilipita. Ikaja tena kidogo katika 2021, ikapita. Ndoo zimeliwa na jua. Maneno yale, je, nani ameyaondoa? Sasa mnaketi benchi moja kanisani, mliyemtukana na wewe, mnashiriki meza ya Bwana, na jambo lile halijasemwa.

Najua jibu, nimelisikia mara nyingi: Mchungaji, mimi nilikwisha kutubu mbele za Mungu, yeye anajua moyo wangu. Ni kweli anaujua. Lakini Yesu, katika Mathayo 5:23-24, anamkuta mtu tayari yuko kwenye madhabahu na sadaka mkononi, na anamwambia aiache sadaka pale pale, aende kwanza kwa ndugu yake. Bwana anaikubali sadaka ingoje. Tena Yakobo 5:16 inatutaka tuungame sisi kwa sisi. Wazee wetu waliketi katika kyaghanda kwa sababu walijua jambo la watu wawili halimalizwi na mmoja chumbani kwake.

Basi utafanyaje? Usingoje mkutano wa upatanisho na wageni kutoka mbali. Nenda wewe, kwa miguu, mpaka mlangoni. Usianze na neno kama: kama labda nilikukosea. Sema ulichosema siku ile, kwa maneno yako yenyewe, useme kwamba kilikuwa kibaya. Usieleze uchaguzi, usieleze magari, usieleze dola. Hiyo ni Abana na Parpari. Ukiwa uliacha kununua kwake, nunua. Na kama watoto wako walisikia maneno yale mezani, nenda nao.

Anaweza kukataa kukusikia. Ana haki. Naamani alijichovya mara ya kwanza, na Biblia haisemi kwamba kitu kilibadilika. Mara ya pili, ya tatu, mpaka ya sita, kimya. Watumishi wako ukingoni wanatazama, maji yanatiririka kwenye ngozi ile ile. Hapo ndipo wengi wetu tungetoka mtoni, tukisema tumejaribu.

Kesho, Bwana akitupa uzima, tutasoma mstari wa 15 mpaka wa 27, habari ya Gehazi na zile talanta mbili. Wenye kazi ya kupokea pesa za wengine wasikose. Sasa tuombe.

Baba, unajua kila mlango katika Masereka, katika Beni na katika Butembo, na unajua ni nani anaogopa kuupiga hodi. Mpe miguu leo. Na aliye ndani, ambaye alitukanwa akiwa mgonjwa, mpe nguvu ya kufungua, au mpe muda. Wakumbuke waliokufa bila mkono wa ndugu kuwagusa. Katika jina la Yesu, amina.