Baisikeli Iliyolala Ndani

(Mazungumzo ya redio. Somo: Mathayo 6:19-21)

Kama una Biblia karibu, fungua Injili ya Mathayo, sura ya 6, usome mwenyewe mstari wa 19 hadi wa 21. Hapo Bwana Yesu anafundisha juu ya hazina, na anataja kitu kimoja ambacho kila mwenye baisikeli anakijua. Anataja kutu.

Mwezi uliopita nilikuwa sokoni Wote. Chini ya mti nilimkuta fundi mmoja wa baisikeli, mzee ambaye nimemfahamu tangu nywele zake zilipokuwa nyeusi. Zamani, siku ya soko, mtu alingoja kwake tangu asubuhi mpaka saa nane ndipo azibiwe pancha. Siku hiyo alikuwa na baisikeli mbili tu, na zote mbili zilikuwa za kubebea mitungi ya maji. Ng'ambo ya barabara vijana wa bodaboda walikuwa wamepanga pikipiki zao, nyingi kuliko nilivyoweza kuzihesabu.

Tuliamkiana. Kisha akafungua kisanduku chake cha bati, akapekua katikati ya spoku na minyororo ya zamani, akatoa kibati kidogo. Akanipa mkononi akisema, "Mwalimu, unamkumbuka ndege huyu?"

Nilitazama. Kilikuwa kichwa cha korongo, alama ya Raleigh. Ndugu zangu, nilimkumbuka ndege yule, na moyo wangu ulichomwa. Nitawaeleza kwa nini. Lakini kwanza nataka vijana wetu waelewe jina hilo lilikuwa kitu gani.

Kulikuwa na wakati ambapo mtu wa kwetu akisikia neno baisikeli, aliona Raleigh mbele ya macho yake: rangi nyeusi, fremu nzito, kiti cha ngozi, breki za vyuma, kengele, na taa iliyowaka kwa dinamo. Zilikuwako nyingine pia. Kulikuwa na BSA yenye alama ya bunduki tatu. Kulikuwa na Humber na Rudge. Baadaye zikaja Atlas na Hero kutoka Uhindi, na Phoenix kutoka China. Zile nyeusi na nzito, za jina lolote, watu walizoea kuziita Black Mamba. Mwinjilisti alipanda yake kutoka kanisa moja hadi lingine. Mwenye duka alibebea sukari na mafuta ya taa. Baba alibeba gunia la mbaazi kupeleka sokoni, na akirudi alibeba mtungi wa maji uliotekwa katika mchanga wa mto.

Raleigh ilianzaje? Kulikuwa na Mwingereza mmoja, jina lake Frank Bowden, ambaye afya yake ilikuwa mbaya. Inasimuliwa kwamba daktari alimshauri apande baisikeli. Akapanda, akapata nguvu. Katika mji wa Nottingham, kwenye mtaa uitwao Raleigh, akakuta karakana ndogo iliyotengeneza baisikeli tatu kwa juma. Akainunua, na mwaka 1888 akaunda kampuni. Kufikia mwaka 1896 kiwanda chake kilikuwa kikubwa kuliko viwanda vyote vya baisikeli duniani. Kampuni hiyo ikawameza wenzake: Humber mwaka 1932, Rudge mwaka 1943, na baisikeli za BSA mwaka 1957. Kufikia mwaka 1951 ilikuwa ikitoa baisikeli zaidi ya milioni moja kwa mwaka mmoja. Tangazo lake moja lililojulikana sana Afrika lilionyesha mtu juu ya Raleigh akimkimbia simba, na simba anaachwa nyuma. Sisi tulio jirani za Tsavo hatukuhitaji kuelezwa maana yake.

Lakini aliyemeza wenzake naye alimezwa. Mwaka 1960 Raleigh iliingia chini ya kampuni kubwa kuliko yenyewe. Mwaka 1987 ikauzwa tena. Mwaka 2002 kiwanda cha Nottingham kilifungwa, na baadaye kikabomolewa. Sehemu ya kiwanja chake sasa ni chuo kikuu. Mwaka 2012 jina likanunuliwa na kampuni ya Uholanzi. Jina lingalipo, lakini baisikeli zake hazitengenezwi tena pale. Atlas nayo, iliyoanza mwaka 1951, ilisimamisha kazi katika kiwanda chake karibu na mji wa Delhi tarehe 3 Juni 2020, siku ile ile ambayo dunia huadhimisha baisikeli.

Huku kwetu, baisikeli ilishindwa na pikipiki. Hata neno bodaboda lilikuwa la baisikeli kwanza, kule mpakani Busia, zilipobeba watu kutoka boda hadi boda. Ilipofika mwaka 2008 hivi, kodi ya pikipiki ndogo ilikuwa imeondolewa, nazo zikajaa mpaka vijiji vya Mutomo na Kathonzweni. Wala sisemi kwamba ni vibaya. Mgonjwa anafika hospitali upesi zaidi. Ninasema tu kwamba hakuna chuma kilichokaa juu siku zote.

Sasa nitawaeleza kwa nini moyo wangu ulichomwa.

Mwaka 1979 nilikuwa mwalimu kijana katika shule moja ya msingi, upande wa kusini wa Kitui. Nilijinyima kwa muda mrefu, nikaweka akiba, nikanunua Raleigh mpya. Kila jioni niliifuta kwa kitambaa na kuitia mafuta. Usiku niliilaza ndani ya nyumba, karibu na kitanda changu. Baba yangu alikuja kunitembelea, akaiona imesimama pale ndani kama mgeni wa heshima. Hakuisifu. Aliniuliza tu, "Mwanangu, wewe umeinunua, au yenyewe ndiyo imekununua wewe?" Nilicheka. Nilidhani ni maneno ya wazee.

Usiku mmoja jirani yangu alibisha hodi. Akasema, "Mwalimu, mama watoto ameshikwa na uchungu, na hali yake si nzuri. Nisaidie baisikeli nimpeleke zahanati."

Ndugu msikilizaji, nilifikiri juu ya mchanga wa mtoni. Nilifikiri juu ya miiba. Nilifikiri juu ya damu kwenye kiti cha ngozi. Nikajibu nikiwa nyuma ya mlango, "Pole sana, jirani. Tairi la nyuma lina pancha."

Halikuwa na pancha.

Alinishukuru, akaondoka. Nikawasikia wanaume wakiitana gizani. Wakamlaza yule mama juu ya kitanda cha kamba, wakamchukua mabegani. Mwendo ulikuwa mrefu, na kuvuka mto wa mchanga na mzigo usiku si kazi rahisi. Mama alipona. Mtoto hakupona. Hakuna awezaye kusema kwa hakika kama angalipona wangalifika mapema. Mimi mwenyewe sikuweza kusema, na hilo ndilo lililonitesa.

Asubuhi nilipanda baisikeli yangu kwenda shuleni. Kwenye kona nikakutana uso kwa uso na jirani yangu, anarudi kuchukua jembe. Alitazama tairi la nyuma. Hakunitukana. Hakupaza sauti. Alisema kwa adabu, kama mtu amwamkiavyo mwalimu, "Umeamka, mwalimu? Baisikeli imepona?"

Wapenzi, imepita miaka zaidi ya arobaini, na swali hilo bado ninalisikia.

Kwa miezi mingi nilimkwepa mtu yule. Jumapili nilikaa kanisani upande mwingine. Niliimba, nilisoma Maandiko mbele ya watu, hata nilifundisha watoto Sunday School. Lakini kila nilipofikia habari ya Msamaria mwema, aliyempandisha majeruhi juu ya mnyama wake, sauti yangu ilikauka. Kwa maana Msamaria alikuwa na mnyama mmoja tu, naye akakubali kutembea kwa miguu.

Mwisho nilienda nyumbani kwake. Nilikaa juu ya kigoda, nikamwambia, "Lile tairi halikuwa na pancha." Akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Nilijua usiku ule ule, mwalimu. Nilikuwa ninangoja uje." Mke wake akatuletea uji katika kibuyu. Tukaomba pamoja. Sikuomba vizuri, nililia tu. Lakini nilitoka pale nikiwa mtu mwingine.

Tangu siku ile baisikeli haikulala tena chumbani. Ilikaa nje, chini ya ukuta, na kila mtu alijua. Mwaka 1984, mvua zilipokosa na njaa ikaja, ilibeba mahindi ya njano kutoka mahali pa kugawia mpaka kwa wazee wasioweza kutembea. Ilibeba maji. Ilibeba wagonjwa. Na mtoto mwingine alipozaliwa kwa jirani yangu, nilimrudisha mama yake nyumbani kutoka zahanati, amekaa juu ya keria na mtoto kifuani, nami nikiisukuma polepole mpaka mlangoni mwao. Rangi ilibanduka. Kiti kilipasuka. Fremu ilivunjika, ikachomelewa, ikavunjika tena. Mwishowe gurudumu moja likawa la mkokoteni, na kibati cha korongo, sijui kilikwenda wapi. Labda ndicho kile kilicho katika kisanduku cha fundi wa Wote.

Basi, tunajifunza nini?

Jambo la kwanza: kutu haikuanza kwenye chuma cha baisikeli yangu. Ilianza moyoni, wakati chuma kilipokuwa kingali kinang'aa. Ilipokuwa mpya na safi, ndipo ilipokuwa haina faida kwa mtu. Ilipochakaa, ndipo ilipokuwa hazina. Bwana Yesu hakusema kwamba vitu ni vibaya. Alituonya juu ya mahali pa kuviweka, kwa sababu moyo hufuata huko huko.

Jambo la pili: tusihukumu kazi kwa ukubwa tunaouona leo. Mwaka ule ule wa 1896, kiwanda cha Raleigh kilipokuwa cha kwanza duniani, kijana mmoja aitwaye Peter Cameron Scott alikufa kwa homa, naye akazikwa Nzaui, Makueni. Alikuwa na umri wa miaka 29, na alikuwa amefika Ukambani mwaka mmoja tu uliotangulia. Muda si mrefu wenzake wengine wakafa, wengine wakarudi kwao. Kama mtu angaliulizwa wakati ule ni kazi gani itakayodumu, ile ya Nottingham au ile ya Nzaui, angalijibu nini? Leo kiwanda kimebomolewa. Lakini Jumapili hii, katika vilima na mabonde yetu, watu watakusanyika na kumwabudu Mungu, na wengi wao ni matunda ya mbegu ile.

Ndugu msikilizaji, labda wewe huna baisikeli. Una pikipiki, au gari. Una tangi kubwa la maji lenye kufuli, na jirani yako anapita na mtungi mkavu akienda mtoni. Una simu ambayo hutaki kumwazima mwenye shida apige mara moja. Ukibishiwa hodi usiku huu, utajibu nini? Pancha yako ni ipi?

Na labda umekwisha jibu vibaya, kama mimi, na kuna mtu unayemkwepa njiani. Usingoje miaka. Ondoka, nenda kwake, kaa juu ya kigoda, useme kweli. Huenda naye anakungoja. Na Mungu aliyemtoa Mwana wake kwa ajili yetu hatakufukuza.

Tuombe.

Ee Baba yetu wa mbinguni, utusamehe kwa vile tulivyovificha wakati jirani zetu walipobisha. Utufungulie milango yetu, na kwanza utufungulie mioyo yetu. Vitu ulivyotupa vichakae kwa kazi yako, visioze kwa kutu. Uwafariji wale tuliowaumiza, utupe ujasiri wa kwenda kwao. Tunaomba kwa jina la Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.

Mpaka tutakapokutana tena, wapenzi wasikilizaji, Mungu awabariki.