Pamba ya Bt: Kinga Yenye Mipaka

Desemba 2019 Kenya iliidhinisha kilimo cha pamba ya Bt, iliyopandikizwa jeni kutoka kwa bakteria wanaoishi udongoni. Jeni hiyo huufanya mmea utengeneze protini inayomuua funza wa vitumba anapoutafuna. Mkulima hupunguza kupiga dawa, na hilo ni jambo kubwa kwa mfuko na mapafu yake. Lakini vidukari na nzi weupe hawaguswi. Shamba bado lataka kukaguliwa. Tena funza hujenga usugu: nchini India, funza wa rangi ya waridi ameshaishinda kinga hiyo. Ndiyo maana wakulima hushauriwa kupanda pamba ya kawaida kando ya ile ya Bt, ili kuchelewesha usugu huo. Kabla ya kununua mbegu, muulize afisa ugani wako hiyo ya kawaida utaipanda sehemu gani.