Ghala la Mahindi na Uzima wa Watu wa Nyumbani



Mtu asafiriye katika nchi ya Ukambani, toka Machakos kuelekea Wote na Kibwezi, huona maboma madogo yametawanyika vilimani. Kila boma lina nyumba zake mbili au tatu, zizi la mbuzi, mwembe wa kivuli, na karibu na jiko kijumba kilichosimama juu ya miguu. Kijumba hicho ndicho ghala. Mgeni hukipita bila kukitazama, lakini wenyeji hawawezi, kwa maana ndani yake mna chakula cha miezi mingi ijayo, mna mbegu za mvua zitakazokuja, na mara nyingi mna karo ya mtoto, maana debe moja likiuzwa sokoni hununua daftari na sare.

Desturi za boma la namna hii zajulikana. Mama huamka kabla ya jua, huwasha moto, huwapa watoto uji, kisha huchukua mtungi au punda na kwenda kutafuta maji. Baba huenda shambani, au huwa yuko Mombasa au Nairobi kwa kazi ya mshahara. Bibi mzee hubaki nyumbani na wajukuu walio wadogo. Jioni wote hukutana penye chungu cha mahindi na maharagwe, yaani isyo, ama cha muthokoi, ambayo ni mahindi yaliyotwangwa kinuni mpaka maganda yametoka. Asubuhi ni mahindi, mchana ni mahindi, usiku ni mahindi. Basi mahindi yakiwa na ila, hapana mtu wa nyumba hiyo atakayeepuka.

Jambo hili lilidhihirika kwa msiba mkubwa mwaka wa 2004. Ukame ulikuwa umeidhoofisha mimea shambani, na mwezi wa Februari, wakati wa kuvuna, mvua zisizo za majira yake zikanyesha. Watu walivuna mahindi mabichi. Wengi waliogopa wezi, kwa kuwa mwaka wa njaa mahindi huibwa hata yakiwa bado kwenye bua, nao wakayaingiza katika nyumba za kulala, wakayarundika sakafuni na chini ya vitanda, pasipo jua wala upepo. Kisha watu wakaanza kuugua: matumbo yalivimba, macho yakawa ya manjano, maini yakashindwa kazi. Ilipofika tarehe 20 Julai, wagonjwa 317 walikuwa wamehesabiwa, na 125 katika hao walikuwa wamekufa. Wengi walitoka Makueni na Kitui. Wapelelezi wa ugonjwa waliwalinganisha waliougua na majirani wao wasiougua, wakaona kwamba nyumba zilizoweka mahindi yenye unyevu ndani ya chumba zilikuwa katika hatari kubwa kuliko zile zilizoyaweka ghalani.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Mwaka wa 1981, huko huko Machakos, wagonjwa 20 waliingizwa hospitali kwa dalili kama hizo, na 12 wakafa. Wakati ule ilionekana pia kwamba mbwa wa maboma hayo walikufa. Mbwa hula makombo ya bwana wake.

Sumu yenyewe huitwa aflatoksini. Hutolewa na kuvu, yaani ukungu, ambao makao yake ni udongoni. Wataalamu waliitambua baada ya mwaka wa 1960, wakati batamzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza kwa kulishwa chakula kilichochanganywa na karanga zilizosagwa. Ukungu huu hupenda joto na unyevu, nao huushambulia kwa urahisi mmea uliochoka kwa kiu. Kwa hiyo sumu yaweza kuanza shambani mahindi yakiwa bado yamesimama, ikaongezeka nyumbani. Tena ni sumu ya hila: haina harufu, haina ladha, na moto wa jikoni hauiondoi. Punje yenye rangi ya kijani au kijivu ni ya kushukiwa, lakini punje iliyo nyeupe haiwezi kuapiwa kuwa ni safi. Mtu akila nyingi kwa muda mfupi hufa upesi. Akila kidogo kidogo miaka mingi, hujitia katika hatari ya saratani ya ini.

Ugumu wa jambo lenyewe hauko katika elimu hii. Uko jikoni, kati ya watu wapendanao. Mathalani, mke wa kijana afungua gunia mwezi wa Aprili, aona punje zimeshikamana na zina vumbi la kijani. Amwambia mama mkwe wake, “Mama, mahindi haya yameharibika, tusiwape watoto.” Bibi mzee ayashika mkononi, ayatazama, ajibu, “Mwanangu, mimi nimeona njaa zaidi ya moja. Mahindi kama haya tuliyaosha, tukayatwanga, tukayachemsha kutwa, na ndiyo yaliyomlea mume wako. Ukiyatupa, kesho utapika mawe?”

Mzee huyu asidharauliwe. Kwanza, swali lake ni la kweli, maana gunia lililotupwa halirudishwi na mtu, na duka halikopeshi kila siku. Pili, kutwanga kwake kuna faida iliyothibitishwa: sehemu kubwa ya sumu hukaa katika ganda na kiini cha punje, na muthokoi uliokobolewa vizuri huwa na sumu pungufu kuliko mahindi mazima. Wazee walikuwa na hekima yao hapo. Lakini pungufu si sawa na kwisha, na mahindi yaliyooza sana hayatakaswi na kinu. Tena pumba zinazobaki hupewa kuku na ng'ombe, na ng'ombe aliyekula sumu hutoa sehemu yake katika maziwa. Hivyo mtoto aliyenyimwa mahindi mabaya mchana aweza kuyapokea jioni ndani ya kikombe.

Kwa hiyo kazi kubwa ni ile ifanywayo kabla gunia halijafungwa, wakati bado hapajawa na ugomvi wa kutupa. Mahindi yavunwe yakiwa yamekomaa, yasirundikwe chini. Yaanikwe juu ya turubai au mkeka, si juu ya udongo mtupu ambamo ukungu umo tayari. Yafunikwe au kuingizwa ndani mawingu yanapokusanyika, hata kama ni mara tatu kwa siku moja. Kazi hiyo huwafaa watoto na bibi mzee, ambaye jicho lake huiona mvua kabla ya wengine. Wakati wa kupukuchua, punje zilizovunjika, zilizoliwa na wadudu au zilizobadilika rangi zitengwe.

Wengi hujaribu ukavu kwa kuuma punje kwa meno. Jaribio la chumvi ni bora zaidi, nalo halina gharama. Mtu huchukua chupa kavu yenye kifuniko, hutia konzi ya mahindi na chumvi kavu kidogo, huitikisa kwa dakika chache, kisha huiacha itulie. Chumvi ikishika kwenye kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi, yarudi juani. Isiposhika, unyevu umeshuka chini ya sehemu 15 katika 100. Hata hivyo kwa kuweka miezi mingi yafaa kushuka hadi 13, basi siku moja au mbili zaidi za jua hazitakuwa hasara.

Ghala liwe juu ya ardhi, lipitishe upepo, paa lisivuje. Penye hofu ya wezi, shauri hili ni gumu, wala si haki kumlaumu baba alazaye magunia chumbani. Ikiwa hana budi, yawe makavu kabisa kwanza, yapangwe juu ya mbao, mbali na ukuta. Iko pia mifuko isiyopitisha hewa, ambayo huua wadudu kwa kuwakosesha pumzi. Nayo ni msaada mkubwa tangu alipoingia dumuzi, yule mdudu kutoka Amerika aliyeonekana Taveta mwaka wa 1983. Lakini mfuko huo haukaushi kitu; mahindi mabichi ndani yake yataoza vile vile. Kwa upande wa shamba, tangu mwaka wa 2015 imeruhusiwa katika Kenya dawa iitwayo Aflasafe KE01, nayo ni mtama uliobeba kuvu wasio na sumu, ambao humwagwa shambani majuma mawili au matatu kabla mahindi hayajatoa maua, ili wachukue nafasi ya wale wenye sumu.

Yamebaki yale mahindi yaliyokwisha haribika. Watu wa mji wamezoea kuyapeleka kwa mtu apikaye pombe, au kuyauza sokoni yakiwa yamechanganywa na mazuri, au kuwapa kuku. Njia hizo zote huirudisha sumu kwa watu, pengine kwa watu wa nyumba ile ile. Yachimbiwe shimo refu mbali na kisima na mbali na njia ya kuku, yafukiwe, na bibi mzee aitwe asimame hapo aone mwenyewe yaliyofukiwa ni punje zipi, na kwamba yaliyo mazuri yamebaki ghalani.