Kafyu Iliisha, Mbona Bado Tumekaa?

(Hotuba iliyotolewa na mfanyakazi wa huduma za jamii kwenye semina ya siku moja ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Ukambani. Imefupishwa kidogo.)



Asubuhi nilipofika hapa niliona pikipiki zimejaa pale nje kama siku ya soko. Nikauliza watu wanne wametoka wapi. Watatu kati yao wanakaa karibu sana, mahali ambapo miaka michache iliyopita hakuna mtu angelipia boda boda. Basi nikasema moyoni, hotuba yangu imeshaanza kabla sijafungua mdomo.

Leo nataka tuongee juu ya miguu yetu, na vile wakati wa korona uliibadilisha.

MNAKUMBUKA ILIKUWAJE?

Mgonjwa wa kwanza wa korona hapa Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Siku chache baadaye shule zikafungwa, na makanisa pia. Tarehe 27 Machi ikaanza kafyu, saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri. Mwezi wa Aprili barabara za kuingia na kutoka Nairobi zikafungwa, na wengine wetu tulikaa miezi mitatu bila kumwona mume au mtoto anayefanya kazi huko. Masoko mengi ya wazi yakafungwa. Misa tukaisikiliza kwa redio. Makanisa yalipoanza kufunguliwa Julai, ilikuwa watu 100 tu, kwa saa moja, na wenye umri wa zaidi ya miaka 58 wakaambiwa wakae nyumbani. Kafyu yenyewe iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021.

Mambo hayo yalifanywa kuokoa maisha, na mimi siyalaumu. Lakini kuna kitu kilichotutoka wakati huo bila sisi kukiona.

MAZOEZI YALIYOFICHWA

Sisi watu wa kijijini hatukuwa na desturi ya kusema "naenda kufanya mazoezi". Hayo tulidhani ni ya wakimbiaji wa Iten, au ya polisi, au ya watu wa mjini wenye vitambi. Mazoezi yetu yalikuwa yamefichwa ndani ya safari zetu.

Niwape mfano wa mama mmoja mzee ambaye ninamtembelea. Siku moja tulikaa tukahesabu pamoja safari zake za kabla ya korona. Kanisani kila Jumapili, kilomita 3 kwenda na 3 kurudi. Sokoni, kilomita 4 kwenda na 4 kurudi. Mkutano wa kikundi na jumuiya ndogo ndogo, kama kilomita 2 hivi. Jumla ni kilomita 16 kwa wiki, na hapo hatujahesabu shamba wala matanga. Kwa mwendo wake, hayo ni kama masaa manne. Sasa sikieni: Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anahitaji angalau dakika 150 za kuuchangamsha mwili kila wiki, yaani masaa mawili na nusu. Mama huyu alikuwa amevuka hapo kitambo, na hakuna mtu aliyewahi kumfundisha.

Halafu kanisa, soko, kikundi na jumuiya vikafungwa karibu kwa mara moja. Angalieni vizuri: hakuna sheria iliyomkataza kutembea mchana. Mchana alikuwa huru. Kilichoondolewa ni sababu za kutembea. Na mtu akikosa pa kwenda, anakaa.

Alikaa mwaka mzima na zaidi. Alipoanza kutoka tena, hakuweza kuinuka kutoka kwenye kigoda bila kushika ukuta. Nyumbani walisema ni uzee. Kweli uzee upo, lakini nguvu za miguu zisipotumika hupungua haraka, na kwa mzee hurudi polepole sana. Siku hizi kijana wake humlipia boda boda kwenda Misa. Ni upendo, lakini ni upendo unaomalizia ile miguu iliyobaki.

Jambo hili halikuwa la kwetu peke yetu. Wataalamu walichunguza hatua zilizohesabiwa na simu za watu wa nchi nyingi. Walikuta kwamba ndani ya siku 30 baada ya korona kutangazwa janga la dunia, tarehe 11 Machi 2020, hatua za watu zilipungua kwa zaidi ya robo. Kule Uingereza watu waliruhusiwa kutoka nje mara moja kwa siku kufanya mazoezi. Kule Hispania watoto walifungiwa ndani ya nyumba kama wiki sita.

SI WOTE WALIOKAA

Hapa lazima tuseme ukweli wote. Kuna waliotembea zaidi. Matatu ya watu 14 iliamriwa kubeba 8, nauli zikapanda, na huko Nairobi wengi wakaenda kazini kwa miguu.

Na hapa nyumbani? Watoto walikuwa nyumbani, na wengi wao walirudi shule Januari 2021. Tuliambiwa tunawe mikono kila saa. Maji hayo yalitoka wapi? Mtungi wa lita 20 ni kilo 20 mgongoni, na waliobeba ni akina mama na wasichana. Kwa hiyo asije mtu hapa akaniambia mama huyo anahitaji mazoezi. Anahitaji tangi la maji, na mume wa kumshikia mtungi. (Vicheko.) Mnacheka, lakini wazee, chini ya ule mti wa kivuli ni nani alikuwa amekaa? Kazi ya kuvunja mgongo si afya. Na kukaa kutwa si mapumziko. Tulipaswa kugawana.

MCHANGO ULIFIKA, MTU HAKUFIKA

Sasa nije kwa vikundi vyetu, maana hapa ndipo pananiuma. Mwezi wa Machi 2020 ada ya kutuma pesa kidogo kwa M-Pesa, hadi shilingi 1,000, iliondolewa, na vikundi vingi vikaanza kutuma michango kwa simu. Wakati ule ilikuwa busara. Mikutano ilikatazwa. Mwethya wa kuchimba mitaro ulisimama. Lakini ule msamaha wa ada uliisha na mwaka 2020, na mikutano ikaruhusiwa, na bado kuna vikundi ambavyo havijarudi kukutana. Pesa zinaingia, mweka hazina anaandika, basi.

Katika kikundi kimoja mwanachama aliugua wiki mbili kitandani. Hakuna aliyejua, kwa sababu mchango wake ulikuwa ukifika sawasawa. Binti yake ndiye alikuwa anautuma. Mimi mwenyewe nilikuwa nawasimamia na sikujua, kwa maana nami nilikuwa nimezoea kupiga simu badala ya kwenda. Nilipoamua kupanda kile kilima kumwona, nilipumzika njiani mara tatu. Mimi, niliyekuwa natembelea vijiji vitatu kwa siku! Siku ile nilielewa kwamba miguu na ujirani vilikufa pamoja, na vitafufuka pamoja.

Mama Maria alipanda milimani kwenda kumwona Elizabeti. Safari ile ilikuwa huduma.

SASA TUFANYE NINI?

Kwanza, kila kikundi kikutane angalau mara moja kwa mwezi, ana kwa ana. Mchango unaweza kutumwa kwa simu, lakini mtu aje.

Pili, anayeweza kutembea aje kwa miguu. Nusu saa kwa siku, siku tano kwa wiki, inatosha. Mwendo uwe wa kukufanya uweze kuongea lakini usiweze kuimba.

Tatu, wazee wasaidiwe polepole. Wainuke na kuketi kwenye kiti mara kumi asubuhi na jioni. Wasimame kwa mguu mmoja wakiwa wameshika meza imara, na mtu awe karibu, ili miguu ijifunze tena kutoanguka. Mjukuu amsindikize nyanya mpaka barabarani na kurudi. Kesho waongeze kidogo.

Nne, tupime presha. Uchunguzi wa serikali wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne hapa Kenya ana presha ya juu. Mwenye maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukosa pumzi asimame hapo hapo na aende dispensari kabla ya kuendelea.

Tano, turudishe mwethya. Siku moja ya kuchimba mitaro pamoja, wanaume wakiwepo, inaokoa udongo, mwili na urafiki.

Wapendwa, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nimemaliza. Jioni tukiondoka nitatembea mpaka njia panda. Anayekaa upande ule, tuandamane.

MASWALI YA KUJADILI KWENYE KIKUNDI

1. Ni safari gani tulizokuwa tunafanya kwa miguu kabla ya 2020 ambazo hatufanyi tena? Kwa nini?
2. Ni mwanachama gani hatujamwona kwa macho miezi hii mitatu? Nani ataenda kumwona wiki hii?
3. Nyumbani kwetu nani anafanya kazi ya kupita kiasi, na nani anakaa? Tutagawanaje?
4. Tutaanza mwethya kwa shamba la nani, na siku gani?